Msimnyime mgonjwa ugali, kipimeni kinyama chake

Mwanamke akishaambiwa kuwa uvimbe wa kwenye titi lake ni saratani, mabadiliko ya kwanza huonekana jikoni. Sukari inaondolewa kwenye chai. Ugali unafuata, kisha wali, kisha ndizi na maembe, kwa sababu mtu ametuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba saratani huishi kwa sukari na ukiinyima itakufa. Shangazi analeta majani ya mstafeli. Mgonjwa, ambaye baada ya wiki chache anatakiwa kuanza dawa nzito za tiba kemia, anakonda na kuishiwa nguvu, na ndugu wanaamini kukonda kule ni kazi ya ugonjwa peke yake.

Wakati huohuo, ndani ya faili lake hospitalini kuna nafasi tupu ambayo hakuna aliyeiulizia. Ni pale panapotakiwa kuandikwa majibu matatu ya vipokezi vya seli za uvimbe: ER (cha estrojeni), PR (cha projesteroni) na HER2. Majibu hayo ndiyo yanayoeleza uvimbe wa mama huyu unachochewa na nini, na kwa hiyo ni dawa ipi inayoweza kuusimamisha.

Sayansi ya namna seli zinavyopokea ishara na namna zinavyotumia chakula imetufikia nusunusu. Nusu iliyoenea mitaani ni hofu ya sukari, ambayo haijamponya mtu. Nusu inayookoa maisha, yaani kipimo cha vipokezi, tunaichukulia kama anasa ya wenye bima nzuri. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Hofu ya sukari ina chanzo cha kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mjini Berlin, mwanabiokemia Otto Warburg alichukua vipande vyembamba vya uvimbe wa panya, akapima glukosi iliyotumika na asidi iliyotoka. Seli ya kawaida yenye oksijeni ya kutosha huivunja glukosi hadi mwisho ndani ya mitokondria, na molekuli moja ya glukosi huipatia takriban molekuli 30 za ATP, ambayo ndiyo nishati inayoendesha kazi zote za seli. Seli za uvimbe zilifanya jambo la ajabu. Oksijeni ilikuwepo, lakini sehemu kubwa ya glukosi zilikatisha safari yake njiani, zikaigeuza kuwa laktati na kuambulia ATP 2 tu kwa kila molekuli. Ili ziishi kwa mtindo huo, zililazimika kufyonza glukosi nyingi mno.

Warburg alidhani amepata asili ya saratani. Kwa maoni yake mitokondria za seli zilikuwa zimeharibika, na uharibifu huo ndio ulioleta ugonjwa. Alishikilia rai hiyo hadi kifo chake mwaka 1970. (Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1931 ilikuwa ya kazi nyingine, ya vimeng'enya vya upumuaji, ingawa jumbe za mitandaoni hupenda kusema alituzwa kwa kugundua kwamba sukari huleta saratani.) Leo tunajua kwamba katika saratani nyingi mitokondria ni nzima na zinafanya kazi. Kinachobadilika ni shabaha ya seli. Seli inayotaka kugawanyika inahitaji malighafi: kaboni ya kutengenezea DNA mpya, mafuta ya utando mpya, protini mpya. Glukosi ikichomwa yote inageuka hewa ya ukaa inayotoka kwa pumzi. Fundi anayeezeka nyumba hachomi mbao zote kupikia chai. Anazihitaji juu ya paa. Nayo laktati inayomwagwa nje huchachusha mazingira ya uvimbe na kudhoofisha askari wa kinga wanaojaribu kuukaribia.

Kwa hiyo ni kweli, uvimbe mwingi hula sukari kwa pupa. Kipimo cha PET kinategemea tabia hiyohiyo: mgonjwa hudungwa glukosi iliyowekewa alama ya mionzi, na mahali penye saratani pakawaka kwenye picha. Aliyeiona picha hiyo ni vigumu kumwambia kwamba kuacha ugali hakusaidii.

Lakini hakusaidii. Kiwango cha glukosi kwenye damu hakisimamiwi na sahani, kinasimamiwa na mwili. Ukiacha kula wanga, ini litatoa akiba yake, na akiba ikiisha litatengeneza glukosi kutokana na protini, ambayo kwa mtu asiyekula vizuri inatoka kwenye misuli yake mwenyewe. Ubongo hauwezi kuachwa bila nishati, na mwili hautakubali. Uvimbe nao una njia mbadala: hutumia glutamini, asidi za mafuta, hata laktati. Anayebaki na njaa ni mama wa watu. Mgonjwa aliyedhoofu anazivumilia dawa kwa shida, mizunguko ya tiba inaahirishwa, vidonda vya upasuaji vinachelewa kupona.

Swali ambalo Warburg hakuwa na vifaa vya kulijibu ni hili: nani anaiamuru seli ile sukari kiasi hicho? Jibu lilianza kupatikana katikati ya miaka ya 1980, Lewis Cantley na wenzake huko Marekani walipogundua kimeng'enya kilichokuja kuitwa PI3K. Kila seli ya titi imezungukwa na utando wenye vipokezi, protini ambazo kichwa chake kiko nje na mkia uko ndani. Insulini au kichocheo cha ukuaji kikitua nje, mkia wa ndani hubadilika umbo, PI3K inaamka na kuiamsha protini nyingine iitwayo AKT. Hapo AKT hufanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Inaagiza visafirishi vya glukosi vipelekwe kwenye utando ili sukari iingie, na kupitia protini ya mTOR inaruhusu seli ianze kujenga na kukua. Amri ya kula na amri ya kukua hupita njia moja. Seli nzima ina protini iitwayo PTEN ya kuizima ishara kazi ikiisha.

Katika saratani za matiti zenye vipokezi vya homoni, takriban asilimia 40 zina kasoro katika jeni ya PIK3CA, inayotoa ramani ya kimeng'enya hicho. Kasoro hiyo huifanya PI3K ibaki macho hata kama hakuna aliyeiamsha. Nyingine zimepoteza PTEN. Seli ya namna hiyo inapokea amri ya kula na kukua usiku na mchana, mgonjwa awe ameshiba au amefunga. Ulafi wa sukari aliouona Warburg ni matokeo ya amri hiyo. Kinachotakiwa kukatwa ni amri.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka wodini. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha alpelisibu, dawa inayozuia PI3K yenye kasoro kwa wagonjwa wa saratani ya matiti iliyosambaa. Moja ya madhara yake makubwa ni sukari ya damu kupanda, kwa sababu insulini inatumia njia ileile kuingiza glukosi kwenye misuli na ini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, timu ya Cantley ilikuwa imeonesha kwa panya kwamba insulini inayopanda kufuatia dawa za aina hiyo inaweza kuiamsha upya njia iliyokuwa imezimwa, na kwamba lishe yenye wanga kidogo sana iliipa dawa nguvu zaidi. Wapenzi wa lishe hiyo huishia hapo wanapoisimulia habari hii. Hawasemi kwamba katika utafiti huohuo, panya wenye aina moja ya saratani ya damu waliopewa lishe ile bila dawa, ugonjwa wao ulikwenda kasi zaidi.

Kisha kuna metformini, dawa ya kisukari inayoshusha insulini na ambayo wengi waliipa matumaini makubwa. Katika jaribio lililoongozwa kutoka Kanada, wanawake 3,649 wenye saratani ya matiti na wasio na kisukari walipewa metformini au kidonge kisicho na dawa kwa miaka 5. Majibu yalichapishwa mwaka 2022. Metformini haikuzuia ugonjwa kurudi. Kama dawa halisi, kwa dozi iliyopimwa, kwa miaka 5, imeshindwa, sioni ni kwa haki gani tunamwambia mama aache embe.

Sasa nije kwenye nusu tuliyoiacha.

Mwaka 1895 huko Glasgow, daktari wa upasuaji George Beatson alimtoa ovari mwanamke kijana mwenye saratani ya titi iliyokuwa imeshasambaa kifuani. Uvimbe ukasinyaa. Neno homoni lilikuwa halijabuniwa. Wengine waliiga, na kwa baadhi ya wagonjwa matokeo yalikuwa mazuri ajabu, lakini kwa wengi hayakuonekana kabisa. Kwa zaidi ya nusu karne madaktari waliwafanyia wanawake upasuaji ule bila kujua nani utamfaa. Ilikuwa kupiga ramli kwa kisu.

Aliyefungua fumbo ni Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliiwekea estrojeni alama ya mionzi na kuifuatilia mwilini. Akakuta inanaswa na kubaki katika viungo vichache tu, kwa sababu seli za viungo hivyo zina protini ya kuipokea. Kipokezi hiki hakikai kwenye utando. Estrojeni huyeyuka kwenye mafuta, hupenya utando wa seli, na kipokezi chake huingoja ndani. Vikishakutana hushika DNA na kuwasha jeni zinazoisukuma seli igawanyike. Uvimbe wenye kipokezi hicho unaitwa ER chanya. Usio nacho ni ER hasi, na ukimtoa mwanamke huyo ovari umemtesa bure.

Dawa ilikuja kwa njia ya kupinda. Mwaka 1962, katika maabara za kampuni ya ICI nchini Uingereza, mkemia Dora Richardson alitengeneza kiini ambacho wakubwa wake walitumaini kingekuwa dawa ya kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo kilishindwa. Lakini kiliweza kukikalia kipokezi cha estrojeni kwenye titi na kuizuia homoni isishike mahali pake. Ndiyo tamoksifeni, iliyoanza kutumika Uingereza kwa saratani ya matiti mwaka 1973. Ni kidonge. Haidai dripu wala kulazwa, na haki miliki yake imekwisha zamani, kwa hiyo inatengenezwa na viwanda vingi kwa bei nafuu. Ina hatari zake, ikiwemo damu kuganda na, kwa wanawake wachache, saratani ya utando wa mji wa mimba, na daktari anapaswa kuzieleza. Kwa mwanamke mwenye uvimbe wa ER chanya, kuimeza kwa miaka 5 hupunguza uwezekano wa kufa kwa saratani hiyo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Kwa mwenye ER hasi haifanyi lolote.

Kidonge kilekile kinamwokoa mmoja na hakimsaidii mwingine, na kwa macho ya kawaida uvimbe wao unafanana. Njia ya uhakika ya kuwatofautisha ni kipimo. Utafiti uliofanywa katika hospitali kadhaa za Kenya na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta wagonjwa wapatao 7 kati ya 10 ni ER chanya. Nautaja kwa sababu nimesikia mara nyingi, hata kwa wasomi, kwamba saratani ya mwanamke wa Kiafrika ni ile isiyo na kipokezi hata kimoja, kwa hiyo kupima ni kupoteza fedha. Aina hiyo ipo, ni kali, na huwapata wanawake weusi zaidi kuliko wengine. Lakini si ya wengi miongoni mwetu. Wengi wana kipokezi ambacho kidonge cha bei nafuu kinaweza kukizuia.

HER2 ni hadithi nyingine. Ni kipokezi cha kwenye utando, ndugu wa vile vinavyoamsha PI3K. Seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni yake. Katika takriban saratani moja kati ya sita hadi saba, jeni hiyo imejirudufu mara nyingi, na utando umefurika vipokezi vinavyogusana na kuwashana vyenyewe bila kungoja kichocheo. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Los Angeles na wenzake walionesha kwamba wagonjwa wa namna hii saratani yao hurudi mapema na kuua haraka. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha trastuzumabu, kingamwili inayoshika HER2, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin. Mwaka 2005 majaribio makubwa yalionesha kwamba ikiongezwa mapema kwenye tiba, hupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015.

Naijua hoja ya wahasibu: ya nini kumpima mtu HER2 ikiwa dawa yake hataimudu? Kwanza, ER na PR hupimwa kutoka kwenye kinyama hichohicho kilichokatwa kwenye uvimbe, na dawa yake anaimudu. Pili, serikali isiyojua ina wagonjwa wangapi wa HER2 haiwezi kukaa mezani na kampuni ya dawa ikadai bei. Tatu, mgonjwa ana haki ya kujua ugonjwa wake, hata kama sisi bado hatujampatia dawa.

Wala kipimo hiki hakihitaji jumba la kifahari. Kule Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kwenye milima mbali na Kigali, kulifunguliwa kituo cha saratani mwaka 2012. Mwanzoni vinyama vilisafirishwa hadi Boston, Marekani, kupimwa. Baadaye uwezo ukajengwa palepale. Kama hospitali ya wilaya ya vijijini imeweza, hospitali zetu za rufaa zenye wataalamu wa patholojia zina sababu gani?

Mengi huharibika kabla kinyama hakijafika maabara. Kinyama cha titi kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja baada ya kutolewa, fomalini iwe nyingi, takriban mara kumi ya ujazo wa kinyama, na kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi 72. Linganisha na yanayotokea. Titi zima linatolewa Ijumaa mchana, linatumbukizwa kwenye ndoo yenye fomalini isiyolifunika, halikatwi ili dawa ipenye, na linangoja hadi Jumatatu. Au ndugu anakabidhiwa kichupa apande nacho daladala hadi maabara ya mjini. Protini zinaoza ndani kwa ndani. Jibu linarudi ER hasi wakati uvimbe ulikuwa ER chanya, na mwanamke ananyimwa kidonge kilichomfaa. Kosa hilo haliumi na halionekani, hakuna atakayeshtakiwa kwalo, na linaua. Kulirekebisha kunahitaji fomalini ya kutosha, saa ukutani, na mtu mmoja wa chumba cha upasuaji anayewajibika kuandika muda kwenye kichupa.

Je, chakula hakina nafasi kabisa? Kinayo, ila si ile ya kwenye WhatsApp. Mwanamke akishafikia ukomo wa hedhi, ovari huacha kutoa estrojeni, na sehemu kubwa ya ile inayobaki hutengenezwa ndani ya mafuta ya mwili na kimeng'enya kiitwacho aromatesi. Mafuta mengi, estrojeni nyingi. Unene huenda pia na insulini iliyo juu kwa miaka mingi, na tumeshaona insulini inabisha mlango gani. Ndiyo maana unene baada ya ukomo wa hedhi huongeza hatari ya saratani ya matiti, na pombe huiongeza katika umri wowote. Soda kila siku, kukaa kwenye kiti kutwa nzima, bia za kila wikiendi: hayo tuyazungumze na mabinti zetu na akina mama walio wazima, kwa upole na kwa miaka. Kumwangushia mzigo huo mgonjwa aliyetoka kupokea majibu jana ni ukatili, hata ukifanywa kwa mapenzi. Huyo anahitaji ugali wake, samaki, maharage, mboga na matunda, ili ashike nguvu za kumaliza tiba. Kama ana kisukari, mpango wa chakula chake apange na daktari.

Kwa wizara za afya na mifuko ya bima, ombi langu ni moja. Kipimo cha vipokezi kihesabiwe kuwa sehemu ya kutambua saratani ya matiti, kilipiwe pamoja na upimaji wa kinyama, na daktari asiruhusiwe kufunga ukurasa wa utambuzi bila majibu yale matatu. Mwaka 2022 saratani hii iliua watu wapatao 670,000 duniani. Shirika la Afya Duniani limeshaweka lengo kwamba utambuzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Utambuzi usiosema ER, PR wala HER2 haujakamilika, hata ukitolewa siku ya kwanza.

Na kwako msomaji mwenye mama, dada au mke anayeugua: kikao cha ukoo kijacho, kabla hamjachangishana nauli na kabla hamjajadili chakula, mmoja wenu aende na faili kwa daktari aulize majibu ya ER, PR na HER2 yako wapi. Kama hayapo, msikate tamaa hata kama upasuaji ulifanyika mwaka jana. Maabara hutunza kinyama kikiwa kimegandishwa ndani ya nta kwa miaka, na kama kilihifadhiwa vizuri tangu mwanzo, bado kinapimika. Kiombeni.